Kibao Kilichomsimamisha Mama Mkwe

Kila asubuhi Fundi Cheche alifungua karakana yake, kisha akachukua kitambaa na kupangusa vumbi kwenye kibao chake. Mashine ingeweza kungoja. Kibao hakikungoja.

Karakana ilikuwa kando ya njia ya miguu, katikati ya kinyozi na duka la vifaa vya umeme. Ilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati, na upande wa mbele ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na meza ya chuma, mashine ya kuchomelea, na nondo zilizoegemezwa ukutani. Hapo ndipo yalipotoka mageti na madirisha ya mtaa mzima. Fundi Cheche alikuwa na mkono mzuri. Ungeweza kupitisha kiganja juu ya geti lake usijue chuma kimeungana wapi.

Lakini watu walimjua zaidi kwa kibao. Alikiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, akakitundika ukutani juu ya meza yake ya kuchomelea. Kilisema hivi:

NDUGU MPITA NJIA, MOTO HUU SI SINEMA. UKIUTAZAMA LEO, KESHO UTAMTAMBUA MKEO KWA KUMPAPASA.

Mtaa ule ulipenda maonyo ya namna hiyo. Mwenye duka la umeme alikuwa ameandika mlangoni: "Ukigusa waya huu, hutagusa kingine." Kwenye geti la jirani mmoja palikuwa na maneno: "Mbwa huyu hajasoma. Wewe umesoma. Tumia elimu yako." Hata hivyo, kibao cha Fundi Cheche kiliyashinda yote. Watu walisimama, wakasoma, wakacheka. Wengine walikipiga picha kwa simu. Fundi aliwasikia wakicheka, naye akatabasamu ndani ya kinga yake ya uso yenye kioo cheusi, akaendelea kuchomelea.

Mwaka huo mkewe alijifungua watoto pacha, wasichana wawili. Tangu hapo kila mtu alimwita Mama Pacha. Mama yake mzazi alikuja kutoka mbali kumsaidia. Alikuja na begi moja la nguo na mfuko mmoja wa madaftari.

"Mama, madaftari ya nini?" Mama Pacha alimwuliza.

"Ya shule," mama alijibu. "Nimeanza darasa la watu wazima. Sasa najua kusoma, mwanangu. Si sana, lakini najua. Sitaki kukatisha. Nitafutie darasa la hapa."

Darasa lilipatikana, si mbali na nyumbani. Kila asubuhi mama aliwaogesha wajukuu, akawavisha, kisha akaenda kusoma. Na tangu ajue kusoma, hakuna maandishi yaliyopita salama mbele yake. Alisoma pakiti ya chumvi. Alisoma sabuni. Alisoma hata maandishi ya kwenye shati la mkwewe, mpaka mkwewe akageuka kwa aibu.

Fundi Cheche alimpenda mama mkwe wake, lakini alimwogopa pia, kama inavyompasa mkwe. Mbele yake hakupayuka, hakutania, hakukaa miguu imetanuka. Maneno ya utani aliyaacha karakana.

Siku moja mama alitoka darasani mapema. Mwalimu alikuwa amewaambia: "Someni kila mnachokiona njiani. Njia nayo ni kitabu." Basi mama akarudi nyumbani akisoma njia. Akasoma onyo la mbwa, akacheka. Akasoma onyo la umeme, akatikisa kichwa. Kisha akafika karakana.

"Hodi hapa," alisema.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, Baba Pacha. Endelea na kazi yako, mimi nasoma tu." Akainua uso, akaanza. "N-du-gu. Ndugu. M-pi-ta nji-a. Ndugu mpita njia."

Moyo wa Fundi ulishtuka. Alijua maneno yale yanaishia wapi. Kumpapasa mke ni jambo la kumsomea kinyozi, si mama aliyemzaa huyo mke. Afanyeje? Amzuie asisome? Angeuliza kwa nini. Akiondoe kibao? Angeuliza zaidi. Basi akafanya kama wanavyofanya watu wengi wakipatwa na aibu. Alijifanya ana kazi nyingi. Akashusha kinga ya uso, akainamisha kichwa, akawasha moto.

Mwanga mweupe ukaruka. Cheche zikatawanyika. Kwa kelele ile hakumsikia tena mama, naye alishukuru. Alichomelea kona moja ya dirisha, akahamia ya pili, akaenda ya tatu. Hakuinua kichwa hata mara moja. Alidhani mama amekwisha kwenda.

Mama hakwenda. Alikuwa amesimama palepale, macho juu, akisoma. Alikwama kidogo kwenye "utamtambua", akarudi mwanzo, akalipata. Kisha akafika mwisho, na mwisho haukueleweka. Dirisha moja lilikuwa limeegemezwa ukutani, na kona yake ilifunika herufi za mwisho. Mama aliona maneno "kwa kumpa", basi. Kumpa nini? Akajaribu kuchungulia upande huu. Akajaribu upande ule. Akarudia kusoma tangu mwanzo, labda ameruka kitu. Mwanga ulimchoma macho, akawa anapepesa, lakini hakukubali kushindwa na ubao. Mwishowe aliona jua limekuwa kali, akajiendea nyumbani.

Mchana alikula vizuri. Alimbeba mjukuu mmoja, akambembeleza mwingine. Hapakuwa na tatizo lolote.

Jioni ndipo mambo yalipoharibika. Fundi Cheche aliporudi kutoka kazini, alisikia mtu akigumia chumbani. Aliingia, akamkuta mama mkwe ameketi kitandani, viganja vimefunika macho. Machozi yalimtoka yenyewe.

"Ni kama mtu amenimwagia mchanga," mama alisema. "Mchanga na pilipili. Siwezi kufungua. Nikifungua, taa inanichoma kama sindano."

"Imeanza lini, mama?"

"Sasa hivi tu, baada ya chai. Nilidhani ni vumbi, nikasugua. Nikazidisha." Akanyamaza, kisha sauti yake ikawa ndogo. "Baba Pacha, ndiyo napofuka? Maisha yangu yote nimeona herufi bila kuzijua. Sasa nimezijua, ndiyo macho yanakwenda?"

Fundi alisimama mlangoni, mikono inanuka chuma.

Mama Pacha aliingia akiwa na kikombe. "Watu husema macho yatiwe maziwa ya mama," alisema. "Mimi si ninayo. Na kuna dawa ya matone ilibaki mwaka jana, ulipoumwa macho wewe."

"Subiri kwanza," Fundi alisema. "Usimtie kitu. Ngoja nimwite jirani."

Nyumba ya nyuma alikaa muuguzi wa macho. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye kucheka kwa sauti, lakini akishika kazi hakucheka. Alikuja na tochi ndogo. Akanawa mikono kwa sabuni, akaketi karibu na mama, akamsalimu kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Nitakuangalia kidogo. Itauma, lakini nitakuwa mwepesi." Akafungua jicho moja taratibu, kisha jingine. "Hakuna kipande cha chuma ninachokiona. Vidole vyangu ni vingapi?"

"Viwili. Lakini vina ukungu."

"Vizuri. Leo ulikuwa wapi, mama?"

"Darasani. Kisha nikapita kwa mkwe wangu kusoma kibao."

Muuguzi aligeuza uso, akamtazama Fundi. "Ulikuwa unachomelea?"

"Ndiyo," Fundi alisema. "Lakini alikuwa mbali. Alikuwa njiani kule, si mezani."

"Alikuwa anasoma kibao kilicho juu ya meza yako."

Muuguzi akaeleza polepole, ili wote wasikie. "Mwanga wa kuchomelea una miale mikali isiyoonekana. Inaunguza ngozi ya juu ya jicho, kama jua kali linavyounguza mgongo wa mtu. Tatizo lake ni kwamba hauumi papo hapo. Unauma saa kadhaa baadaye, jioni au usiku. Ndiyo maana mtu hadhani ni ule moto. Anasema ni vumbi, ni moshi, ni jicho la mtu."

"Kwa hiyo sipofuki?" mama aliuliza.

"Kwa kawaida linapona lenyewe, siku moja au mbili. Lakini asubuhi twende kituoni wakuangalie kwa kifaa kizuri. Na mtu akirudia kuunguza macho hivi mara kwa mara, hapo ndipo anaweza kuyaharibu kabisa."

Mama akashusha pumzi ndefu. Mama Pacha naye akashusha kikombe.

"Haya maziwa je?"

"Maziwa ni chakula cha watoto, mpe mtoto. Kwenye jicho lililoungua yanaweza kuingiza vijidudu. Na hayo matone ya mwaka jana yatupe. Dawa ya macho ya mtu mmoja si ya mwingine, na ikishafunguliwa haikai muda mrefu. Leta kitambaa safi na maji safi ya baridi. Kilowekwe, kikamuliwe, awekewe juu ya macho yaliyofumbwa. Chumba kiwe na giza. Ameze kidonge cha maumivu. Na asisugue, hata kama yanawasha namna gani. Maumivu yakizidi, au asione kabisa, tusingoje asubuhi."

Walifanya kama walivyoambiwa. Maumivu hayakuisha, lakini yalipungua makali. Mama akalala chali, kitambaa juu ya macho. Fundi aliketi kwenye kigoda karibu na mlango. Hakuweza kuondoka.

"Baba Pacha," mama aliita.

"Naam, mama."

"Kile kibao chako kimenisumbua. Nimesoma mpaka mwisho. 'Kesho utamtambua mkeo kwa kumpa.' Kumpa nini? Nikadhani zawadi. Lakini mtu asiyeona atamtambuaje mkewe kwa kumpa zawadi?"

Fundi akakohoa. Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama ukuta.

"Kuna dirisha lilifunika herufi," Fundi alisema hatimaye. "Si 'kumpa', mama."

"Ni nini, basi?"

Ikabidi Mama Pacha aseme. "Ni 'kumpapasa', mama."

Kisha kitanda kikaanza kutikisika. Fundi alidhani mama analia. Alikuwa anacheka.

"Aa, usinichekeshe, macho yananiuma," mama alisema. "Basi ndiyo maana uliinamisha kichwa. Nami nikasema mkwe wangu huyu ana bidii ya kazi."

"Nisamehe, mama. Niliona aibu. Nilidhani umekwenda."

"Nimekusamehe. Lakini nikuambie neno. Walionipita pale walisimama kidogo tu, wakasoma, wakaenda, maana kusoma kwao ni kama kupumua. Mimi kila herufi ni kilima. Kibao chako kirefu kilinisimamisha mimi kuliko wote."

Asubuhi Mama Pacha na muuguzi walimpeleka mama kituoni. Mtabibu alitia dawa ya rangi, akaona ngozi ya macho imeungua kidogo pande zote mbili. Akampa marhamu ya kupaka, akamwambia apumzike na arudi kuangaliwa.

Fundi Cheche alifungua karakana, lakini hakupangusa kibao. Aliketi tu. Kinyozi akaja mlangoni, kitana mkononi.

"Nasikia mama mkwe ameumia. Pole sana."

"Asante. Nafikiri nitakiondoa kibao."

Kinyozi alishangaa. "Kibao hiki? Fundi, usifanye haraka. Watu wanakuja hapa kwa sababu yake. Wengine wakishakipiga picha wanakuja kunyoa kwangu. Ukikiondoa, tutakuwa mtaa kama mitaa mingine."

Kusema kweli, maneno yale yaliingia moyoni mwa Fundi. Kibao kile ni yeye. Nondo kila mtu anaweza kuziunga. Maneno yale aliyatunga mwenyewe, usiku kucha yalimchekesha. Akikiondoa, nani atasimama mbele ya karakana yake?

Mchana muuguzi alipita akitoka kazini. Alisimama njiani, palepale aliposimama mama.

"Mama anaendelea vizuri," alisema. "Sasa njoo hapa, jirani. Simama nilipo mimi. Nisomee kibao chako."

Fundi akatoka nje, akasimama karibu naye, akainua uso. "Ndugu mpita njia, moto huu si..."

Hakumaliza. Chini ya neno "moto", umbali wa mkono mmoja tu, ndipo ilipokuwa meza. Pale ndipo alipowasha moto kila siku. Hakuwahi hata siku moja kukitazama kibao chake kutoka njiani wakati wa kazi. Angekitazamaje, na yeye ndiye aliyekuwa anachomelea?

"Ili usome kwamba usitazame," alisema polepole, "lazima utazame."

"Na anayecheka husimama," muuguzi alisema. "Mimi mwenyewe nimesimama hapa nikacheka, bahati yangu ulikuwa hujawasha. Utani wako ni mzuri. Lakini utani unamwita mtu, na onyo linatakiwa limpitishe."

"Basi niandike kingine."

"Usianze na kibao. Kibao hakizuii mwanga, kinasema tu. Mtoto hajui kusoma. Mgeni huenda hajui lugha. Anza na kuzuia mwanga wenyewe, kisha ndiyo uandike."

Fundi alimwelewa haraka, kwa sababu sasa walikuwa wanazungumza lugha ya chuma. Alichukua nondo, akaunda fremu pana zenye miguu. Akafunga mabati juu yake. Muuguzi alimwambia asiyaache yanang'aa, kwa kuwa bati jeupe hurudisha mwanga kama kioo. Akayapaka rangi nyeusi isiyo na mng'ao. Hakutumia turubai la nailoni, maana cheche zingeliwasha. Chini na juu aliacha nafasi, hewa ipite na moshi utoke. Fremu zile zilisimama mbele ya meza, na mtu aliyepita njiani hakuuona tena moto.

Kisha akajiwekea desturi. Kabla ya kuwasha, anatazama kama kuna mtu ndani, halafu anasema kwa sauti: "Macho." Mteja aliye ndani anageuka au anatoka. Na anayemshikia chuma anavaa kinga ya uso kama yeye. Miwani ya jua haitoshi, muuguzi alisema, hata iwe nyeusi namna gani.

Likabaki suala la maneno. Kufikia hapo mama alikuwa amepona. Macho yake yalikuwa meupe tena, na daftari lake lilikuwa wazi mapajani. Fundi alimletea kipande cha ubao.

"Mama, nisaidie. Nimeandika kipya. Nitakishika mbele yako, nawe utembee ukikisoma bila kusimama."

Ubao ulisema: TAHADHARI KWA WOTE WANAOPITA ENEO HILI, TAFADHALI MSIELEKEZE MACHO YENU KWENYE MWANGA WA KUCHOMELEA.

Fundi aliushika akaenda nao kinyumenyume uani, mama akimfuata akisoma. Walifika ukutani, mama bado yuko kwenye "msielekeze".

"Baba Pacha," mama alisema, "kwa kibao hiki nimeshafika kwa kinyozi, na macho yameshaungua."

Mama Pacha, mtoto mmoja begani, alicheka mpaka mtoto akaamka.

Fundi akafuta, akaandika upya. Mama akasoma, akasema bado kirefu. Akafuta tena. Walibishana juu ya neno "tahadhari". Fundi alilipenda, lina uzito. Mama alisema uzito wake ndio ubaya wake, mtu anahema kabla hajalimaliza. Mwishowe yakabaki maneno matatu tu:

HATARI. USITAZAME MOTO.

Juu yake Fundi alichora jicho kubwa lililokatwa na mstari mwekundu, kwa ajili ya asiyejua kusoma. Alikishusha kibao cha zamani, akatengeneza vibao viwili vya namna hiyo. Kimoja alikisimamisha njiani upande wa kinyozi, kingine upande wa duka la umeme, hatua kadhaa kabla ya karakana, ili mtu aonywe kabla hajafika. Alivifunga usawa wa macho ya mtu, mahali pasipoweza kufunikwa na dirisha wala geti.

Wiki za mwanzo Fundi aliona upweke. Watu walipita. Hakuna aliyepiga picha. Lakini kazi haikupungua, maana waliotaka mageti walitaka mageti, na mkono wake ulikuwa uleule.

Siku moja kinyozi alikuja tena mlangoni. Alisubiri mpaka Fundi akazima mashine.

"Unajua," alisema, "kwa miaka macho yangu yanawasha kila jioni. Nilisema ni nywele za wateja. Nimenunua mpaka feni. Sasa mwezi huu hayajawasha hata siku moja."

"Kiti chako kilikuwa kinatazama kwangu," Fundi alisema.

"Kilikuwa kinatazama kwako." Kinyozi alikubali. "Mwenye duka la umeme naye anaomba umsaidie. Anataka onyo la waya ambalo mtu atalielewa upesi. Nimemwambia kwanza aufunike waya."

"Umemwambia vizuri. Maneno tutayapeleka kwa mama ayapime."

Asubuhi iliyofuata Fundi Cheche alikuwa nyuma ya mabati yake, anaunga kitanda cha chuma. Alizima ili abadilishe fimbo ya kuchomelea, na katika ule utulivu akasikia kandambili zikija njiani. Alizijua. Ni mama, anakwenda darasani. Kandambili zilikuja kwa mwendo wa mtu mwenye haraka, na juu yake sauti ikisema kwa raha, bila kukata herufi hata moja: "Hatari. Usitazame moto."

Fundi alingoja zisimame. Hazikusimama. Zilipita karakana moja kwa moja, wala mama hakupiga hodi, wala hakumsalimu. Fundi akatabasamu ndani ya kinga yake. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Macho," alisema, akawasha.